Mashine Inayomwogopa Fundi

Jumatatu, saa mbili kasoro dakika kumi asubuhi, opereta wa simu wa ofisi ya maji aliketi kwenye kiti chake, akabonyeza kitufe cha kuwashia kompyuta, akatega sikio. Feni ilianza kuvuma. Mashine ikatoa ule mlio wake wa noti tatu zinazopanda. Kisha ikaja sauti ya kike ambayo kazi yake ni kumsomea kila kilichoandikwa ndani ya kompyuta.

"Kari—" ilisema, ikakatika.

Opereta alingoja. Kungoja anakujua. Ofisini na mtaani wanamwita Mama Subiri, kwa sababu kwa miaka kumi na tisa kila aliyepiga simu kulalamika kwamba bomba limepasuka, au kwamba mita inazunguka kama pia wakati mfereji umekauka, alianza kwa kusikia sauti yake ikisema, "Subiri kidogo, nakuunganisha." Kuna waliosubiri hadi bomba likajiziba lenyewe kwa tope, lakini hilo si kosa lake. Kazi yake ni kuunganisha. Kuinua simu upande wa pili ni kazi ya wakubwa, na wakubwa wana vikao.

Mama Subiri haoni. Surua ilimpata akiwa na miaka saba. Yeye alipona, macho hayakupona. Udadisi surua haikuugusa kabisa. Alipofika miaka kumi alifungua redio ya baba yake kwa kisu cha mezani ili ajue mtangazaji anakaa upande gani, akapanga vipuri sakafuni kwa mstari, akavirudisha kimoja kimoja, na redio ikaimba, ingawa alibaki na skrubu moja mkononi. Baba mtu alikuja mbio na mkanda. Alipokuta redio inaimba akauweka mkanda chini, akauliza, "Haya, umemkuta?"

Sasa, asubuhi hiyo ya Jumatatu, alizima mashine, akaiwasha tena. Feni, noti tatu, "Kari—". Mara ya tatu vivyo hivyo. Ile sauti ya kike, ambayo yeye huiita Bibie, ilikuwa imekaa naye miaka minane bila kukosa siku. Bibie ndiye aliyemwambia nani anapiga, laini gani imekaa kimya, idara gani imejaa. Bila Bibie, simu ya mezani ililia na yeye aliweza kuinyanyua, lakini kumhamishia mtu kwa mwingine hakuweza. Ilibidi awatajie wapigaji namba za ndani kutoka kichwani. Anazo zote mia mbili na kumi na mbili.

"Kata, halafu upige mbili moja saba," alimwambia mzee mmoja ambaye maji yalikuwa yanaingia chumbani kwake.

"Nikate tena? Nimehangaika nusu saa kukupata, mwanangu!"

"Pole, baba. Mbili, moja, saba. Na upandishe magodoro juu."

Alijua chanzo, au alidhani anajua. Jumamosi mafundi walikuwa wamezunguka jengo zima wakiweka programu mpya ya simu kwenye kila kompyuta. Ijumaa Bibie alikuwa mzima. Kwa hiyo kilichomkaba Bibie koo kiliingia Jumamosi.

Alimpigia Waya. Waya ni kijana wa kitengo cha kompyuta, aliyeitwa hivyo kwa wembamba wake na kwa waya ambazo haziachi kuning'inia mifukoni mwake. Alikuja akihema, kitu kizito kikimgonga magotini.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Umebeba nini hicho?"

"Skrini. Ya kwako iko wapi?"

"Waliichukua miaka sita iliyopita. Walisema siitumii."

"Ulikuwa unaitumia?"

"Nilikuwa naitundikia mkoba."

Waya alicheka, akaitua skrini yake mezani, akachomeka waya wake, akawasha mashine. Feni. Noti tatu.

"Karibu," alisema Bibie, mzima kama chuma. "Andika neno la siri."

"Mbona inaongea, mama?"

Mama Subiri aliandika neno lake la siri. Bibie akamsomea orodha ya simu, hata zile za programu mpya, bila kigugumizi. Waya aliandika kwenye karatasi ya kitengo, huku akisema kwa sauti kila anachoandika, "Imekaguliwa, inafanya kazi," akazima kila kitu kwa adabu, akachomoa skrini yake, akaenda zake. Hajafika hata kwenye ngazi, Mama Subiri akawasha.

"Kari—"

Jumanne ikawa hivyo hivyo. Waya alikuja, akachomeka, akawasha, Bibie akaongea kama amelipwa kwa neno. Waya akamtoa Bibie kwenye mashine na kumsakinisha upya kwa tahadhari, akaandika karatasi ya pili, akaondoka. "Kari—". Jumatano alikuja amekunja uso, akafuta kila kitu, mfumo mzima wa kompyuta, akaweka mwingine kuanzia mwanzo, kisha Bibie, kisha programu ya simu. Kazi hiyo ilikula asubuhi nzima, na Mama Subiri akamsomea namba za ndani kila mpigaji hadi sauti ikaanza kukwaruza. Mwishoni Bibie aliongea kwa ufasaha wa mhubiri. Karatasi ya tatu ikasainiwa. Waya akabeba skrini yake. "Kari—".

Habari zilisambaa ofisini. Wa masijala walisema mashine inamwogopa fundi. Mhudumu wa usafi alisema hata gari la mume wake lina tabia hiyo. Likimwona makanika linapona. Mama Subiri alicheka nao, lakini ndani kulikuwa na kitu kinamtekenya. Mara zote Bibie alikatikia mahali pale pale. Siyo "Ka", siyo "Karib". Kari. Alikuwa ameiwasha mara ishirini na tatu, na mara ishirini na tatu ilikatika baada ya silabi ya pili. Ugonjwa wa kubahatisha hauna nidhamu namna hiyo. Katika sekunde hiyo hiyo, kila siku, kuna kitu kilikuwa kinaamka ndani ya mashine na kumziba Bibie mdomo. Ni kitu gani? Na kwa nini Waya akiwepo kinalala?

Alikuwa bado anatafuna swali hilo aliposikia viatu vya meneja wa utawala. Hivyo huvijua: kisigino cha kushoto kinalalamika. Meneja huyo wanamwita Bwana Taratibu, maana hata ukimuuliza saa atakwambia kuna taratibu zake.

"Mama, hujambo."

"Sijambo, bwana meneja. Karibu, kiti kiko kulia kwako."

Hakuketi. Hiyo ilikuwa dalili mbaya. Alikohoa.

"Nina karatasi tatu za kitengo cha kompyuta hapa. Zote tatu zinasema mashine yako ni nzima."

"Ni nzima fundi akiwepo."

"Sasa, mama yangu, mimi nitaandika hivyo wapi? Fomu haina sehemu hiyo." Alishusha sauti, kama mtu anayepeleka habari za msiba. "Programu hizi mpya ni ngumu. Hakuna atakayekulaumu. Kuna binti pale masijala, ana macho mazuri, anaweza kukaa hapa. Wewe tukupeleke chumba cha kumbukumbu. Kule kuna utulivu."

Chumba cha kumbukumbu kipo chini ya ngazi. Kazi yake ni kutoboa makaratasi matundu na kuyafunga kwa uzi. Simu haipo.

"Unasema mimi ndiye mbovu," alisema Mama Subiri.

"Sijasema hivyo. Karatasi ndizo zinasema. Nakupa hadi Ijumaa saa sita mchana. Mashine ikiongea bila fundi, basi. Isipoongea, barua ya uhamisho iko tayari, imebaki saini tu."

Kisigino cha kushoto kikaondoka kikilalamika. Mama Subiri alishika tama kwa muda, kisha akaiwasha mashine mara ya ishirini na nne, maana huzuni ilikuwa moja na hamu ya kujua ilikuwa mbili.

Nyumbani jioni hiyo alimsimulia mumewe. Mumewe ni kinyozi, mtu ambaye siku nzima anasikiliza shida za vichwa vya watu akiwa amevishika, kwa hiyo akirudi nyumbani anapenda kutania.

"Mke wangu, mbona jambo liko wazi," alisema akivua viatu. "Mashine imempenda kijana. Akija inajipamba na kuongea vizuri. Akiondoka inasusa."

"Niko kwenye shida, wewe unaleta mizaha."

"Siyo mizaha! Hata saluni kwangu kuna wateja nawapenda na kuna wengine napenda kofia zao tu. Mwambie kesho aje bila kitu, mikono mitupu, hata viatu avue. Tujue inampenda yeye au mkoba wake."

Mama Subiri aliyekuwa anakunja kanga aliacha kuikunja.

"Hebu rudia."

"Nini? Viatu?"

"Hilo la mkoba."

Mume alirudia, safari hii taratibu na kwa wasiwasi, kama mtu anayeulizwa na polisi. Mkewe akacheka peke yake, akamgonga begani, akasema, "Wewe una akili, basi tu umeificha." Usiku ule alilala fofofo.

Alhamisi asubuhi alimpigia Waya.

"Mama, mimi nimeshamaliza uwezo wangu," alisema Waya kabla ya salamu. "Nimefuta hadi mfumo. Hakuna kilichobaki cha kufuta."

"Sitaki ufute. Umeandika karatasi tatu kwamba mashine ni nzima. Maana yake mimi ndiye mgonjwa. Njoo unikague mimi."

Kijana hakuwa amezitazama karatasi zake kutoka upande huo.

"Kesho saa sita wananipeleka kutoboa makaratasi," aliongeza Mama Subiri. "Njoo. Ila uje mikono mitupu."

Waya alikuja. Mlangoni Mama Subiri alimsimamisha kama askari wa mpakani, akamwamuru aweke kila kitu kwenye benchi la ukumbini: simu, flashi, funguo, kitambulisho cha kufungulia milango, kibodi yake mwenyewe aliyozoea kuibeba kwa sababu kibodi ya Mama Subiri ina vinundu juu ya herufi na inamtekenya vidole.

"Na mkanda?" aliuliza Waya.

"Mkanda baki nao, tusije tukaleta mambo mengine. Skrini umeiacha?"

"Iko hapo hapo kwenye benchi. Lakini mama, bila skrini nitaonaje?"

"Keti. Leo utasikia."

Waya aliketi. Mama Subiri akawasha. Feni. Noti tatu.

"Kari—"

Kiti cha Waya kililia, aliruka. "Ndiyo hiyo?"

"Ndiyo hiyo. Hujawahi kuisikia?"

"Sijawahi! Mimi nikija..." Siku tatu alikuwa akitibu ugonjwa ambao hajawahi kukutana nao. Mama Subiri hakumcheka, ingawa kicheko kilimfika kooni. Angalau jambo moja lilikuwa limeamuliwa: mashine haikumpenda kijana.

"Haikupendi," alimpasha habari. "Mume wangu atasikitika. Sasa leta kitu kimoja. Kimoja tu! Anza na flashi."

Waya alileta flashi, wakachomeka, wakazima, wakawasha. "Kari—". Akairudisha ukumbini, akaleta kibodi yake. "Kari—". Akaleta simu. "Kari—". Kufikia hapo uvivu wote ulikuwa umemtoka kijana. Alikuwa anakimbia kwenda na kurudi kama mtu anayezima moto kwa kikombe. Akaleta hata kitambulisho, akakiweka juu ya mashine. "Kari—". Akaleta funguo bila kuambiwa.

"Funguo za nini sasa?"

"Basi tu, mama. Nataka kujua."

Mama Subiri akamwelewa kabisa.

Ilibaki skrini. Waya aliibeba kwa mikono miwili, akaichomeka, akabonyeza kitufe.

"Karibu. Andika neno la siri."

"Haiwezekani," alinong'ona Waya.

"Ndiyo imewezekana, umesikia."

"Mama, skrini ni ya kutazama tu. Haina uhusiano wowote na sauti. Kitaalamu haiwezekani!"

"Vuta waya wake."

Alivuta. Bibie, aliyekuwa katikati ya kusoma tarehe, alikatika kwenye "Alha". Waya akatoa ukelele mdogo usiomfaa mtumishi wa ofisi. Wakaichomeka tena, wakawasha upya, Bibie akafufuka. Mama Subiri alikuwa amesogea ukingoni mwa kiti, viganja viko juu ya meza kana kwamba mashine itakimbia.

"Sasa usichomoe waya. Izime skrini yenyewe, kwa kitufe chake, iwe giza."

"Imekuwa giza."

"Alhamisi," aliendelea Bibie bila wasiwasi. "Simu nne hazijapokelewa."

"Kwa hiyo haitaki mwanga," alisema Mama Subiri polepole. "Inataka tu kujua kwamba skrini ipo."

Waya aliiwasha tena skrini, akavuta kibodi, vinundu na yote, akafungua mahali ambapo mfumo hujiandikia kila unachofanya. Alisoma kwa sauti, na kadiri alivyosoma ndivyo alivyozidi kushusha sauti. Programu mpya ya simu ilikuwa inaamka sekunde ile ile Bibie anapoanza kusalimu. Jambo la kwanza, kabla ya simu yoyote, ilitaka kupima upana wa skrini ili ijue katikati ni wapi, ikae hapo. Skrini isipokuwepo, au ikichomolewa katikati ya kazi, haipati jibu. Inauliza tena. Inauliza tena. Na muda wote huo imeshikilia mashine nzima, Bibie akiwemo, isimwachie mtu nafasi hata ya kupumua.

"Imeuliza mara ngapi?" alitaka kujua Mama Subiri.

"Asubuhi hii? Hesabu haiishi, mama. Inajaza kurasa."

"Masikini. Na hakuna aliyeijibu."

Waya alikuna kichwa. Waliotengeneza ile programu, alisema, hawakuwaza kwamba duniani kuna mtu anayefanya kazi na kompyuta isiyo na skrini. Angewaandikia leo hii warekebishe, lakini hao kujibu kwao ni wiki. Mama Subiri alikuwa na siku moja tu.

Kwa hiyo Ijumaa saa tatu asubuhi Waya alipeleka ombi la skrini moja kwa ajili ya opereta wa simu. Saa nne likarudi. Bwana Taratibu alikuwa ameandika juu yake kwa wino mwekundu, na Waya akamsomea Mama Subiri: "Orodha ya vifaa vya mtumishi asiyeona haina skrini. Ombi halieleweki."

"Nenda ukamweleweshe."

"Nimekwenda. Anasema nikakupime macho kwanza."

"Ile ya kwako?"

"Ni ya kitengo kizima, mama. Bosi wangu ameshaanza kuulizia."

Mama Subiri alifikiri. Vidole vyake vilikuwa vinapiga meza. "Ulipoizima iwe giza, ilifanya kazi."

"Ndiyo."

"Kwa hiyo hata ikiwa imepasuka kioo?"

Waya alishatoka mlangoni. Chini kule, jirani na chumba cha kumbukumbu, kuna stoo ya vitu vilivyofutwa kwenye vitabu: viti vya miguu mitatu, mashine za chapa, feni zisizozunguka. Alirudi saa tano na nusu amejaa vumbi hadi kwenye nyusi, akiwa amekumbatia skrini yenye ufa kutoka kona hadi kona, isiyoonyesha chochote zaidi ya wingu la zambarau pembeni. Mama Subiri aliupitishia ufa kidole.

"Imekwisha kabisa?"

"Kwa mtu mwenye macho, kabisa."

Wakaichomeka. Feni. Noti tatu.

"Karibu. Andika neno la siri."

Mama Subiri akamfukuza Waya chumbani. "Toka. Nenda hadi ghorofa ya juu. Nataka iongee wewe ukiwa mbali." Alizima, akawasha, akazima, akawasha, mara tano, na mara tano Bibie akamaliza neno lake. Huo muda mfupi, peke yake, akiwa na mashine iliyokubali kueleweka, ulimpa furaha ambayo baadaye hakuweza kumweleza vizuri hata mumewe.

Saa sita kasoro dakika tano kisigino cha kushoto kilisikika ukumbini. Bwana Taratibu aliingia na bahasha. Nyuma yake alikuwa yule binti wa masijala, na kwa hatua zake tu ilijulikana hakutaka kuja.

"Fundi yuko wapi?" aliuliza meneja.

"Yuko juu, anakunywa chai. Nimekatazwa kumtegemea."

"Na hicho nini juu ya meza? Hiyo skrini imepasuka."

"Sijaona," alisema Mama Subiri, na binti wa masijala akaziba mdomo.

Meneja hakuwa mtu wa kuamini maneno. Alitoa simu yake ya mkononi, akapiga namba kuu ya ofisi hapo hapo akiwa amesimama. Bibie akaitaja namba yake kwa sauti ya wazi.

"Ofisi ya maji, habari za asubuhi," alisema Mama Subiri.

"Naomba meneja wa utawala," alisema meneja kwenye simu, kwa uso mkavu.

Vidole vikapita juu ya vinundu. Mwisho wa ukumbi, nyuma ya mlango uliofungwa, simu ya mezani ya Bwana Taratibu ikaanza kulia. Ililia mara sita. Wote watatu waliisikiliza.

"Samahani, mzee, hayupo ofisini," alisema Mama Subiri. "Mara nyingi hayupo. Nimpe ujumbe gani?"

Binti wa masijala alishindwa, akatoka nje kwenda kuchekea ngazini. Meneja alikata simu. Aliitazama bahasha, akaitazama skrini, na pengine alitafuta kichwani fomu inayohusika na jambo hili, asiipate.

"Ile skrini ilifutwa kwenye vitabu," alisema hatimaye. "Kisheria haipo."

"Basi haidhuru, bwana meneja. Programu yako inadhani ipo."

Alikohoa. Akaikunja bahasha mara mbili, akaitia mfuko wa ndani wa koti. "Endelea na kazi, mama. Lakini zile karatasi tatu bado ziko kwenye faili lako. Mimi siwezi kuzing'oa. Lazima iwepo ya nne."

"Itakuwepo."

Waya alipoteremka alikuta kalamu na karatasi ya kitengo zinamngoja pembeni ya kibodi. Simu mbili zilikuwa zimeshaunganishwa, ya tatu ilikuwa inalia.

"Andika," alisema Mama Subiri. "Kompyuta ya opereta ilikuwa mbovu kila fundi alipoondoka, na nzima kila aliporudi, kwa sababu fundi alikuwa akija na dawa bila kujua na kuondoka nayo."

"Mama, niandike hivyo hivyo? Bosi wangu atasoma."

"Hivyo hivyo. Halafu weka saini, na uandike jina lako lote, siyo Waya."

Akainyanyua simu. Upande wa pili maji yalikuwa yanasikika yakimwagika, na mtu akipiga kelele juu yake.

"Nakusikia, baba," alisema. "Nieleze polepole. Limepasukia wapi?"